Mbona "mama" hapatikani? Maswali kuhusu faharasa ya utafutaji kwenye tovuti

Haya ni maswali ninayoulizwa na wenzangu wanaotengeneza tovuti hapa Unguja na kule Pemba. Mengine yanatoka kwa wenye maduka wenyewe, ambao hawana haja na jina la hifadhidata. Wao wanachojua ni kwamba bidhaa ipo rafuni na tovuti inasema haipo. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo, na mengine nimeyajibu kwa ufupi kwa sababu hayana mengi ndani yake. Jambo moja utaliona likijirudia: faharasa ikifika ukomo wake, mara nyingi haisemi. Haikupi kosa jekundu. Inakurudishia ukurasa mtupu, na mteja anaondoka akiamini hamuuzi.

Faharasa ya maandishi ndiyo kitu gani? Kwani amri ya LIKE ya hifadhidata haitoshi?

LIKE inatosha, mpaka siku itakapokushinda. Ukiandika LIKE '%karafuu%', hifadhidata inasoma kila mstari wa jedwali tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Ile alama ya asilimia iliyotangulia inaizuia kutumia faharasa ya kawaida, ambayo imepangwa kwa herufi za mwanzo kama kamusi. Nani anaweza kufungua kamusi akatafuta neno analolijua mkia wake tu? Duka lenye bidhaa mia chache halitaona tofauti yoyote, na mwenye duka la namna hiyo nampa LIKE na kwenda zangu. Tovuti ya habari yenye miaka kumi ya makala itaanza kulemewa.

Faharasa ya maandishi ni kama ile orodha ya maneno iliyo nyuma ya kitabu: neno, kisha kurasa lilimotajwa. Ili kuijenga, programu lazima iamue mapema neno linaanzia wapi na linaishia wapi, maneno gani yatupwe, na maneno gani yahesabiwe kuwa kitu kimoja. Maamuzi hayo yalifanywa na watu waliokuwa na Kiingereza na lugha za Ulaya kichwani. Humo ndimo yanamotoka matatizo yetu karibu yote.

Nina duka la kanga mtandaoni. Mteja akitafuta "mama" anaambiwa hakuna kitu, na nusu ya kanga zangu zina neno hilo. Vipi?

Umejijibu mwenyewe: ni kwa sababu nusu ya kanga zako zina neno hilo.

Nilikutana na kisa hiki kwenye duka moja la Darajani. Mwenye duka alianza kwa kupandisha shehena moja tu, kanga za kumsifu mama, "Nani kama mama" na jamaa zake. Wateja wa kanga hawatafuti rangi wala namba ya bidhaa, wanatafuta jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini, na aghalabu wanakumbuka nusu yake. Kwa hiyo sanduku la kutafutia ndilo lilikuwa duka lenyewe. Mtu akiandika "mama", patupu. Akiandika "nani", patupu. Akiandika neno lililomo kwenye kanga moja tu, anaipata mara moja.

Jedwali lilikuwa la MyISAM, mtindo wa zamani wa kuhifadhi majedwali katika hifadhidata ya MySQL, ambao bado umejaa kwenye huduma za bei rahisi. Katika utafutaji wake wa kawaida, neno likiwemo katika mistari 50% au zaidi, MyISAM inalipuuza kabisa. Hoja yake ni kwamba neno lililoko kila mahali halimsaidii mtu kuchagua. Kwa maktaba kubwa ni hoja ya maana. Kwa duka dogo ni balaa, maana bidhaa zikiwa chache neno hufika nusu upesi.

Kilichotupoteza zaidi ni kwamba tatizo lilijiponya. Mwezi uliofuata akapandisha kanga za mapenzi na za mafumbo, "mama" likashuka chini ya nusu na kuanza kuonekana. Tukapeana mikono, kila mmoja akiamini kile alichokigusa yeye ndicho kilichotengeneza. Tungeendelea kuamini hivyo lau siku ya sikukuu asingepandisha shehena nyingine ya namna ile ile.

Dawa ni ama kutafuta kwa mtindo wa boolean (ule wa alama kama + na -), ambao hauna sheria ya nusu, ama kulihamishia jedwali InnoDB, mtindo mpya zaidi wa MySQL. InnoDB ina faharasa ya maandishi, FULLTEXT, tangu MySQL 5.6, nayo haina sheria hiyo. Mimi ningehama. Sioni sababu ya kubaki MyISAM leo.

Ukurasa wa nyumba za wageni: Wete inapatikana, Ole na Uzi hazipatikani. Tumekosa nini?

Herufi moja. MyISAM huacha kila neno lenye herufi chini ya 4. Wete ina 4 na Paje ina 4, zimepita. Ole ina 3 na Uzi ina 3, zimeachwa mlangoni. Kisiwa cha Uzi bahari ikijaa njia yake hufunikwa na maji. Kwenye tovuti yako kimefunikwa saa zote.

InnoDB inaanzia herufi 3, kwa hiyo Ole na Uzi watapita. Watakaobaki nje ni maneno ya herufi mbili kama "ua". Unaweza kushusha kiwango mpaka 2 kwa innodb_ft_min_token_size, lakini kumbuka utakuwa umewafungulia mlango "wa", "ya", "za" na ukoo wao mzima, na faharasa itavimba kwa vitu visivyo na faida. Ukishusha, andika na orodha yako ya maneno ya kupuuza. Ile inayokuja na InnoDB ina maneno 36, karibu yote ya Kiingereza. Limo hata "la", ila bila shaka ni lile la Wafaransa na Wahispania, si hili letu la "jina la kanga".

Nimebadilisha kiwango, nimewasha seva upya, na bado hakuna kitu.

Faharasa ya zamani ilijengwa kwa sheria ya zamani. Ifute uijenge upya. Kila mtu husahau hili mara moja, mimi nimelisahau mara tatu.

Mteja anaandika "kupika", makala imeandika "walipika". Nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa, nalo halina jibu fupi.

Kiingereza hubadilisha maneno yake mkiani. Shina linakaa mwanzo, na vipande vinaongezwa nyuma. Ndiyo maana programu nyingi za utafutaji zinakupa nyota ya mwisho: andika mwanzo wa neno, weka nyota, upate jamii yake yote. MySQL iko hivyo, na PostgreSQL, hifadhidata nyingine, iko hivyo kwa alama yake ya :*. Zote mbili zinakataa nyota ya mwanzo.

Kiswahili kinabadilika kichwani na mkiani. Anapika, walipika, hakupika, nitakapopika, amempikia, kimepikwa. Shina lipo katikati limebanwa pande zote. "Pik*" haipati hata moja katika hayo. Na ukifika kwenye "mpishi" na "mapishi", hata k yenyewe imeshageuka sh.

Kwa lugha nyingine kuna vikata-mizizi vilivyo tayari, yaani programu za kukata viambishi na kubakiza shina. Mkusanyiko unaotumika sana ni Snowball, ambao PostgreSQL inautumia. Kimo Kiarabu, kimo Kituruki, kimo Kiindonesia. Kiswahili hakimo. Katika vichambuzi vya lugha vinavyokuja na Elasticsearch, programu kubwa ya utafutaji, hakimo pia. Kwa hiyo usipoteze siku ukitafuta swichi ya Kiswahili kwenye mipangilio. Haipo.

Ninachopendekeza kwa wengi ni trigramu. Badala ya kuorodhesha maneno, faharasa inaorodhesha vipande vya herufi tatu tatu. PostgreSQL ina nyongeza ya pg_trgm, na tangu toleo 9.1 faharasa yake inaweza kuharakisha LIKE '%pik%' yenye asilimia pande zote mbili. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu, nayo ina trigramu ndani ya FTS5, sehemu yake ya utafutaji, tangu toleo 3.34. Haijui sarufi hata kidogo, na kutojua huko ndiko kunakotufaa, maana haijali shina limekaa wapi.

Ila nayo ina mipaka yake. Kwanza, ukiandika herufi mbili tu haina cha kushika: PostgreSQL itarudi kusoma faharasa nzima, na FTS5 ya SQLite itakwambia hakuna kitu. Pili, faharasa yake ni nene kuliko ile ya maneno. Tatu, ukitumia kipimo cha kufanana badala ya LIKE, jihadhari na kizingiti, yaani alama ya chini ambayo neno lazima liifikie ili lionekane. "Pika" na "walipika" zina vipande vitatu tu vya pamoja kati ya 11, yaani kama 0.27, na kizingiti cha kawaida cha pg_trgm ni 0.3. Limeanguka kwa unywele. Mtu asiyejua atasema trigramu haifai, kumbe ameshika kipimo kisicho chake. Kipimo cha kufanana ni cha makosa ya tahajia. Kwa kusaka shina ndani ya neno tumia LIKE.

Nne, mtu atakayetafuta "pik" ataletewa pikipiki. Sina dawa ya hiyo. Tovuti moja ya mapishi niliyoisaidia ilikuwa na tangazo la vipuri vya pikipiki, tukaliacha lije.

Si nikate viambishi mwenyewe? Toa "wa", toa "ma", toa "ki"...

Jaribu kwa "wali" na "mali". Toa "wa" kwenye la kwanza, toa "ma" kwenye la pili, umebaki na "li" mbili. Mteja anatafuta wali wa nazi, anapewa ushauri wa kurithisha mali.

Kukata kunawezekana kwa sharti moja: kabla hujakata, uliza orodha ya maneno. Kama neno zima limo kwenye orodha, liache. Kama halimo, kata, kisha uliza tena kama kilichobaki kimo. Kisipokuwemo, rudisha neno kama lilivyokuwa. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili inayotumiwa na LibreOffice inaweza kuwa orodha ya kuanzia. Kwa tovuti ya habari, kazi hii inalipa. Kwa duka, hapana. Wateja wa duka wanatafuta nomino, na nomino zina sura mbili tatu tu.

Dukani mimi huongeza safu moja kwenye jedwali, naiita maneno_ya_kutafutia, ambayo mteja haioni. Anayepakia bidhaa anaandika humo kila jina analolisikia kaunta. Embe: maembe, boribo. Iliki: hiliki. Tungule: nyanya, kwa sababu mgeni wa kutoka bara hajui tungule ni nini, na mtu wa hapa hataandika nyanya. Kisha faharasa inajengwa juu ya safu ile pamoja na jina. Si kazi ya kujisifia kwa watu wa kompyuta, lakini binti wa kaunta aliyekaa miaka mitano pale anajua visawe vya wateja kuliko programu yoyote niliyowahi kuisanikisha.

Ng'ambo, ng'ombe, ng'onda: mbona matokeo yanakuja ovyo?

Kwa sababu ya kile kikoma cha juu. PostgreSQL na SQLite hukiona kama ukuta na kulipasua neno: "Ng'ambo" inakuwa "ng" na "ambo". Ukiitafuta, unaweza kuletewa pia makala yoyote yenye ng'ombe ndani na "ambo" mahali pengine. Programu zilizojengwa juu ya injini ya utafutaji ya Lucene, Elasticsearch ikiwemo, huliacha neno zima, lakini huko kuna mtego mwingine. Simu nyingi hubadilisha kikoma kilichonyooka kikawa kilichopinda. Kwa macho yetu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na "ng'ombe" wawili hawakutani tena.

Ondoa vikoma vyote, vya kila umbo, kabla ya kuingiza kwenye faharasa, na uviondoe vilevile kwenye alichoandika mtafutaji. "Ngambo" itafutwe kwa "ngambo". Maandishi yanayosomwa na watu yabaki kama yalivyo. Papo hapo maliza na Chake Chake inayoandikwa pia Chakechake, na "pole pole" ya "polepole": hifadhi sura zote mbili.

Kwenye laptopu yangu utafutaji ni safi. Kwenye seva, maneno mengine yanapatikana na mengine hayapatikani.

Kama ni PostgreSQL, angalia default_text_search_config, mpangilio unaochagua sheria ya lugha, pande zote mbili. Nimeona mara nyingi laptopu ikiwa na "english" na seva ikiwa na "simple". Ukiingiza "kikombe" kwa sheria ya Kiingereza, e ya mwisho hukatwa na kuhifadhiwa "kikomb". Ukija kutafuta kwa "simple", ambayo haikati kitu, unauliza "kikombe" na faharasa haijawahi kulisikia neno hilo. "Kitabu" kinapatikana kwa sababu mwisho wake haukuguswa. Ndiyo maana unaona mengine yapo na mengine hayapo, ukadhani jini limeingia.

Taja sheria kwa jina kila mahali, kwenye kuingiza na kwenye kutafuta, usiitegemee ile ya seva. Kwa Kiswahili iwe "simple". Haina akili, lakini haina pia akili ya lugha ya watu wengine.

Tunatafuta majina ya watu. Khadija na Hadija, Abdalla na Abdulla.

Hapa ndipo trigramu na kipimo chake cha kufanana vinapong'aa. Khadija na Hadija wanapata 0.5. Abdalla na Abdulla kama 0.45. Wote juu ya kizingiti.

Usiende kwenye Soundex. Ile ni ya mwanzoni mwa karne ya 20 na ilitungwa Marekani kwa majina ya kule. Huishika herufi ya kwanza na haiiachi, hivyo Khadija anakuwa K320, Hadija anakuwa H320, na hawataonana mpaka kiama.

Lakini angalia: Salum na Salim wanapata 0.33, nao wamepita kizingiti. Hao ni watu wawili, na katika mtaa wowote wa Unguja wanaweza kuwa ndugu wa nyumba moja. Kwa hiyo kufanana kutumike kupendekeza tu, "je, ulimkusudia Salim?", kisha mtu achague. Kama ni mfumo wa zahanati au wa malipo, usiruhusu kompyuta iunganishe majina yenyewe hata siku moja. Hapo sina mzaha.

Hati zetu ni ndefu mno. Kuna kikomo?

Kipo, na kiko cha aina mbili.

Kinachosema: tsvector ya PostgreSQL, yaani orodha ya maneno ya hati moja na nafasi zake, haiwezi kuzidi baiti 1,048,575, yaani pungufu kidogo ya megabaiti moja. Ukizidisha inagoma kwa kosa lililo wazi, nawe unajua.

Kisichosema: nafasi za maneno zinahesabiwa mpaka 16,383 tu. Neno la 20,000 litaingia kwenye faharasa, lakini litaandikwa kuwa liko nafasi ya 16,383, pamoja na yote yaliyolifuata. Tena kila neno huwekewa nafasi zisizozidi 256. Ukitafuta neno moja hutaona kasoro. Ukitafuta maneno mawili yaliyofuatana, nusu ya mwisho ya hati inakuwa kama haipo.

Chukua mfano wa Hansard, kumbukumbu za mijadala, za Baraza la Wawakilishi, mtu akitaka kuziweka zitafutike. Kikao cha siku nzima cha Chukwani ukikitia kwenye mstari mmoja wa jedwali, asubuhi itatafutika vizuri na jioni itachanganyika. Kigawe: kila mchangiaji mstari wake, pamoja na jina na tarehe. Mtafutaji naye atashukuru, maana hakuna anayetaka kupewa kurasa 90 aanze kupekua. Meilisearch, programu nyingine ya utafutaji, pia ina ukomo wake, nafasi 65,535 kwa kila sehemu, na huko yanayozidi huachwa kimya kimya. Ukigawa hati huna haja ya kukumbuka namba yoyote kati ya hizi.

MySQL imekataa kuunda faharasa, inasema ufunguo ni mrefu mno.

Hiyo ni faharasa ya kawaida, si ya maandishi. Katika miundo ya zamani ya InnoDB ukomo ni baiti 767. Kwa utf8mb4, mfumo wa kuhifadhi herufi, kila herufi inahesabiwa baiti 4, kwa hiyo unapata herufi 191. Muundo wa DYNAMIC unafika 3,072. Sasisha, au fupisha safu.

Kila mtu anasema tuweke Elasticsearch.

Kila mtu hailipii seva yako. Elasticsearch ni programu nzuri sana kwa kazi iliyotengenezewa: mamilioni ya hati, maulizo mengi kwa pamoja, kuchuja na kuhesabu kwa papo hapo. Inahitaji RAM yake yenyewe, na ushauri wa wenyewe ni kuiachia Java isiyozidi nusu ya RAM ya mashine ili nusu nyingine ibaki kwa mfumo. Kwenye seva ndogo ya gigabaiti moja, ambayo ndiyo wateja wetu wengi wanayoilipia, mfumo wenyewe utaiua usiku na utaamshwa na simu ya mwenye duka.

Kisha kuna kazi ambayo hakuna anayeitaja: sasa una nakala mbili za data. Bidhaa ikifutwa kwenye hifadhidata, nani anaifuta kwenye Elasticsearch? Mtandao ukikatika katikati ya kazi hiyo, mteja anaona bidhaa, anaibonyeza, anaambiwa haipo. Nimetumia siku nyingi zaidi kupatanisha nakala mbili kuliko nilizotumia kuandika utafutaji wenyewe.

Ukiiweka, jua pia kwamba haikupi matokeo zaidi ya 10,000 kwa kurasa za kawaida, na hata hesabu ya jumla inaishia hapo usipoiomba vingine. Nusu ya wanaoripoti "makala 10,000 kamili" kwenye ripoti zao hawajui kwamba huo ni ukuta, si hesabu. Kuhusu leseni, mwaka 2021 Elastic waliiondoa kwenye leseni ya Apache, ikazaliwa OpenSearch upande wa Amazon. Mwaka 2024 wakaongeza leseni huria ya AGPL. Kwa tovuti ya duka haikugusi. Kama unauza huduma ya utafutaji, soma kwanza.

Kuna kitu cha kati na kati?

Kipo. Meilisearch na Typesense ni nyepesi, zinavumilia makosa ya tahajia, na zinajibu huku mtu bado anaandika. Mtengeneza tovuti mmoja anaweza kuzisimamisha kwa mchana mmoja. Typesense huweka faharasa yake kwenye RAM, hivyo pima data yako kwanza. Meilisearch inasoma maneno 10 tu ya mwanzo ya ulizo, jambo ambalo halimdhuru mtu mpaka abandike jina zima la kanga refu. Zote mbili zina visawe, kwa hiyo ile tungule na nyanya unaiandika mara moja. Matatizo ya viambishi yanabaki pale pale.

Kwa programu ya simu, SQLite na FTS5 yake. Faharasa inakaa ndani ya simu, na mtu anatafuta akiwa ndani ya boti baina ya Malindi na Mkoani bila mnara wowote.

Kwa tovuti isiyobadilika mara kwa mara, mathalani masomo au mwongozo, tazama Pagefind. Inajenga faharasa wakati wa kutengeneza tovuti, inaikata vipande, na kivinjari hushusha vile tu vinavyohitajika. Hakuna seva ya utafutaji kabisa. Lunr nayo inafanya kazi kwenye kivinjari, lakini hushusha faharasa nzima, na mwanafunzi wa Micheweni anayenunua bando la siku ataihisi mfukoni.

Kwa nini tusiwaachie Google watutafutie?

Kwa tovuti ya taarifa za umma, wazo si baya, na ni rahisi. Lakini Google huamua wenyewe ukurasa gani waingize na lini waurudie. Kanga uliyoiuza jana itaonekana wiki nzima, na uliyoipakia leo haitaonekana. Kurasa zilizo nyuma ya nywila hazimo kabisa.

Tuna hati zilizopigwa picha. Faharasa itazisoma?

Picha haina maneno. Kwanza igeuze kuwa maandishi. Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, ina data ya Kiswahili, na kwa hati zilizopigwa chapa vizuri inafanya kazi ya kuridhisha, ukikubali kusahihisha. Hati za mkono ni habari nyingine, na Kiswahili cha mkono kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambacho huku kwetu kimo katika masanduku ya wazee wengi, ni habari nyingine tena. Hapo anahitajika msomaji, akae, asome, aandike kwa herufi za Kilatini. Wakati unamngoja, tengeneza faharasa ya maelezo mafupi ya kila hati: nani, wapi, mwaka gani, inahusu nini. Maelezo ya mistari mitatu yaliyoandikwa na mtu yanatafutika kuliko kurasa 30 za takataka za mashine.

Na utafutaji wa maana, huu wa akili mnemba?

Huu hugeuza maandishi kuwa orodha ndefu ya namba na kutafuta yaliyo karibu kwa maana. Mtu akiandika "zawadi ya bibi harusi" anaweza kuletewa kanga ambayo haina hata neno moja kati ya hayo. Ukiwa tayari na PostgreSQL, nyongeza ya pgvector inatosha kujaribia. Faharasa yake ya HNSW inakubali vekta za kawaida (ndizo hizo orodha za namba) mpaka vipimo, yaani namba, 2,000, hivyo angalia modeli yako inatoa vingapi kabla hujajaza jedwali.

Nauona una manufaa kwa maswali marefu. Kwa majina ya watu, namba za bidhaa na majina ya vijiji, usiutegemee, maana daima huleta kitu. Faharasa ya maneno ikikosa hunyamaza, huu ukikosa hukudanganya kwa uso mkunjufu. Uweke kando ya faharasa ya maneno, usiuweke mahali pake.

Nitajuaje kama utafutaji wangu una matundu, ikiwa haulalamiki?

Ulazimishe ulalamike. Kila ulizo lililorudi na sufuri, liandike kwenye jedwali: maneno yaliyoandikwa, saa, basi. Usiandike jina la mtu wala namba yake, huna haja nayo. Kila Ijumaa baada ya sala mimi hufungua jedwali hilo na chai yangu, nikalipanga kwa yaliyojirudia zaidi. Robo saa inatosha.

Utakuta aina tatu. Kuna vitu ambavyo kweli hamna, na hiyo orodha mpe mwenye duka, itamfaa anapoagiza mzigo. Kuna makosa ya vidole, hayo waachie trigramu. Na kuna vitu mlivyonavyo. Hivyo ndivyo vya kufuata, kimoja kimoja, ukiuliza kila mara: ni urefu wa neno, ni kiambishi, ni kikoma, ni jina lingine, au ni faharasa isiyojengwa upya?

Wiki iliyopita, juu kabisa ya orodha ya duka moja la viungo, lilikuwa neno "bizari". Tulikuwa nayo magunia, imeandikwa "manjano".